Mswada wa Fedha Kufika Kabla ya Kurudi

Mheshimiwa Sijaona Mbwilo alipoingia Bunge la Shirikisho kwa mara ya kwanza hakuwa na kitambi. Hakuwa na gari, wala dereva wa kumfungulia mlango wa gari ambalo hakuwa nalo. Hakuwa na mjomba Hazina, hakuwa na shemeji Ikulu, hakuwa na miwani ya kuvua wakati wa kusema jambo zito. Hakuwa hata na kile kikohozi cha wakubwa, ambacho hutangulia maneno yao kama king'ora kinavyotangulia msafara. Suti alikuwa nayo, lakini ilishonwa na fundi aliyeamini kwamba mabega ya mbunge yanapaswa kuwa mapana kuliko Mungu alivyoyaumba. Na zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kumnong'oneza kwamba neno "kusoma", ukishavuka mlango wa jengo lile, halina maana ile uliyofundishwa darasani.

Upungufu huo wa mwisho ndio uliozaa mambo yote nitakayoyasimulia.

Nchi yenyewe iliitwa Shirikisho la Majimbo Saba na Nusu. Wageni walipenda kuuliza ile nusu ilitoka wapi, na wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Wazee waliotunga katiba walikuwa wamefika jimbo la nane, wakaliandika jina lake, Ng'ambo, na kabla hawajaandika mipaka yake yote kengele ya chakula cha mchana ikalia. Waliporudi wakiwa wameshiba, wakatazama kazi yao, wakaona imetosha. Kwa hiyo Ng'ambo likawa nusu-jimbo. Gavana wake alifanya kazi mpaka adhuhuri. Bendera yake ilikuwa na rangi upande mmoja. Mbunge wake alipewa kiti ukumbini kama wenzake, ila kiti hicho kilikuwa na mkono mmoja tu wa kuegemea.

Mto Lumbwe unaikata Ng'ambo katikati, na juu ya mto huo palikuwa na daraja. Lilikuwa na mwanzo mzuri wa zege upande wa mashariki na mwisho mzuri wa zege upande wa magharibi. Mfadhili aliyelijenga aliandika katika mkataba kwamba atasaidia "kuanza na kumaliza", akaanza, akamaliza, akapigiwa ngoma, akaenda zake. Katikati hapakutajwa popote. Katikati ilikuwa kazi ya serikali.

Na serikali haikukataa. Kila mwaka Hazina ilituma fedha ya kujenga katikati ya daraja. Shida ilikuwa sheria ya bajeti, ambayo ilisema kwamba fedha yoyote isiyotumika mpaka ofisi zinapofungwa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha lazima irudi makao makuu. Na fedha ya Ng'ambo ilikuwa na desturi ya kufika siku hiyohiyo ya mwisho, baada ya chakula cha mchana. Ilishuka garini, ikapigiwa saluti, ikatia saini kitabu cha wageni, ikapanda gari lilelile na kurudi. Gavana alikuwa kesharudi nyumbani tangu adhuhuri, kwa hiyo hata maji ya kunywa haikupewa.

Upande wa mashariki aliishi Bibi Nambuta, mkunga pekee wa Ng'ambo, ambaye pia alikuwa mama mkwe wa Sijaona. Wanawake wengi wenye kumhitaji waliishi upande wa magharibi. Kiangazi walivuka kwa miguu. Masika yaliyopita mto ulijaa ghafla, na bibi huyo akasimama kwenye ncha ya mwanzo wa daraja akipiga kelele za maelekezo, na ng'ambo ya pili, kwenye ncha ya mwisho, shangazi wawili waoga wakawa wanamzalisha mwanamke kijana kwa kumsikiliza yeye. Mtoto alizaliwa salama. Akaitwa Kelele. Lakini waliokuwa pale walisema wazi kwamba siku ile upepo uliwahurumia, maana ulivuma kuelekea magharibi. Upepo ukigeuka, atakayezaliwa hatapata hata wa kumpa jina.

Kwa mila ya Ng'ambo mtu na mama mkwe wake hawasemezani. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu, na asipokuwapo mtu hulipitisha kwa chochote kilichopo. Siku Sijaona alipokwenda kuaga baada ya kushinda uchaguzi, uani palikuwa na kuku tu.

"We kuku," alisema Bibi Nambuta, amempa mgongo mkwewe kwa heshima zote, "mwambie huyo baba hatukumchagua akatuletee salamu. Akatuletee katikati, kabla ya masika."

Sijaona akamwambia kuku kwamba amesikia.

*

Bahati, au hivyo alivyodhani, ilikuwa upande wake. Mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Dakta Pendekezo Maluli, alileta bungeni Mswada wa Marekebisho ya Bajeti ya Shirikisho. Waziri huyu alikuwa na udaktari wa heshima, na aliuheshimu sana. Hata mkewe alipomwamsha asubuhi alianza na cheo. Mswada wenyewe uliandikwa na vijana wa Hazina waliokuwa bado wageni kazini, na ndiyo maana kifungu cha nne kilisema, bila kupepesa macho: *Fedha ya jimbo itafika kabla ya kurudi.*

Kanuni za Bunge zilikuwa wazi: mswada utasomwa mara tatu. Sijaona akaona hilo ni jambo la busara. Mara ya kwanza, alidhani, ni kwa ajili ya kuufahamu, mara ya pili kwa ajili ya kuufikiria, na ya tatu kwa ajili ya kuhakikisha hukukosea zile mbili. Siku ya kusomwa mara ya kwanza, Katibu wa Bunge akasimama, akatamka jina la mswada, akaketi. Wabunge wakapiga meza kwa furaha, wakaenda kunywa chai. Sijaona akangoja asome yaliyobaki. Alipoona taa zinazimwa, akachukua nakala yake, akaenda nayo kwenye chumba alichopanga, akausoma wote.

Siku ya kusomwa mara ya pili, akasimama. Alikuwa ameandaa maneno machache ya shukrani.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "nimesoma kifungu cha nne, na nakiunga mkono."

Ukumbi ukanyamaza. Mbunge mmoja aliyekuwa akisinzia aliamshwa na ule ukimya. Mama Spika, Mheshimiwa Stahimili Ngoda, mwanamke mpole aliyeliongoza Bunge lile kwa miaka mingi bila kuona jambo jipya, aliinama mbele kidogo.

"Umefanya nini?"

"Nimesoma, Mheshimiwa Spika."

"Jina la mswada."

"Na ndani, Mheshimiwa Spika. Na jedwali."

Mheshimiwa Chambulilo, mbunge wa Jimbo la Kati, akainuka kuhusu utaratibu. Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu chenye mamlaka. Akasema kwamba Bunge hili lina Katibu anayelipwa kusoma, mtu mwenye mke na watoto, na kama kila mbunge atajichukulia kazi ya kusoma mwenyewe, huyo mtu wa watu atakula wapi? Kisha akataka aambiwe kama Mheshimiwa wa kutoka Nusu-Jimbo alichaguliwa kuwa mbunge au alipotea njia akielekea kwenye madarasa ya ngumbaru. Wabunge wakacheka, wakapiga meza, na Sijaona akapelekwa mbele ya Kamati ya Maadili kwa kosa la kujipatia maarifa bila kibali.

*

Kamati ya Maadili ilimhoji kwa upole. Walitaka kujua nani aliyemtuma asome, alisoma peke yake au walikuwa kikundi, na kama kuna wengine aliowasomea. Alijibu yote kwa ukweli. Wakamuuliza kama alielewa. Akasema alielewa, na hapo wajumbe wakatazamana, kwa maana kusoma tu kungeweza kusameheka.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya kubembeleza, aliyekuwamo bungeni tangu siku ile ya kengele ya chakula. Alimwonea huruma.

"Mwanangu," alisema, "kanuni umeifahamu vibaya. Mswada hausomwi. Mswada husomewa. Mgonjwa nyumbani kwenu akisomewa dua, kuna mtu humpasua tumbo kuangalia ana nini?"

"Hapana, mzee."

"Basi. Katibu anasomea, sisi tunaitikia amina. Ndiyo hiyo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akipona, kapona. Akifa, tumemzika kwa heshima. Wewe umekuja na kisu."

Sijaona akaomba radhi, maana alilelewa kuwaomba radhi wazee hata pale ambapo hajaelewa kosa lake. Kamati ikaridhika, ikampa adhabu nyepesi: kwa kuwa ndiye pekee aliyejua mswada unasema nini, aende kwenye Kamati ya Bajeti akawaeleze.

Akaenda akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, kwa mifano, mpaka wajumbe wote saba wa majimbo kamili wakaelewa. Na walipoelewa, jasho likawatoka.

Kumbe fedha ikifika kabla ya kurudi, itakuwa imefika. Ikiwa imefika, wananchi wataiona. Wakishaiona, watauliza imefanya nini. Na wale waliokuwa wakiisindikiza kwenda na kurudi, madereva, askari wa msafara, maofisa wa posho ya kwenda na maofisa wa posho ya kurudi, watakula nini? Jimbo la Kati lilikuwa na hoteli nzima ambayo mgeni wake mkuu alikuwa fedha ya Ng'ambo, ambayo kila mwaka ililala hapo njiani ikielekea kuchelewa. Mheshimiwa Chambulilo, ambaye hoteli hiyo ilijengwa kwenye kiwanja cha mkewe, alisema kwa uchungu kwamba yeye hapingi mageuzi. Anachopinga ni mageuzi kuleta mabadiliko.

Hakuna aliyekataa kifungu cha nne. Wote walikiboresha. Jimbo la Kati likaomba yaongezwe maneno "inapowezekana". Jimbo la Milimani likasema kule kwao kwenye miinuko "kufika" ni neno zito, afadhali "kukaribia". Jimbo la Pwani ya Ziwa halikuwa na maoni, lakini likaomba kuwekwa alama ya mkato ili lionekane limeshiriki. Mjumbe mmoja akataka neno "fedha" liondolewe kwa kuwa linachochea. Sijaona akapigania neno mojamoja kama mtu anayeng'ang'ania nguo zake mikononi mwa wezi; akiokoa shati, suruali imekwenda.

Mwishowe Waziri mwenyewe akaja kuwapatanisha. Akasema amefurahishwa na mjadala, na kwamba vijana wake wamepata lugha itakayomridhisha kila mtu. Akavua miwani, akasoma:

*Fedha ya jimbo itahesabika kuwa imefika pale Waziri atakapotangaza kuwa imefika. Na kazi iliyokusudiwa kwa fedha hiyo itahesabika kuwa imekamilika. Na mtu yeyote hatasema vinginevyo.*

Wajumbe wakapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Wakati wa chai Waziri akamvuta Sijaona pembeni, akamshika lile bega la fundi. Akamwambia amevutiwa na bidii yake. Wizara mpya itaundwa chini ya sheria hii, Wizara ya Yaliyohesabika, na itahitaji naibu waziri, mtu anayejua kusoma ila mwenye kujizuia. Kitambi, alisema, kitakuja chenyewe.

Sijaona alimshukuru. Nisiseme uongo kwamba hakuona lile gari machoni pake, jeusi, lenye bendera ya rangi pande zote mbili. Aliliona, akalizunguka, akapiga teke matairi yake. Kisha akauliza:

"Na mkwe wangu, Mheshimiwa Dakta? Anangoja kupita pale darajani kabla ya masika."

"Kisheria atapita."

"Na mto umepewa nakala?"

Waziri akacheka, akampigapiga begani, akaenda kuongeza sambusa. Sijaona akabaki na kikombe chake. Ule unaibu hakuuzungumzia tena, na hakuna aliyemkumbusha.

*

Mswada ukasomwa mara ya tatu. Katika Bunge lile kura hupigwa kwa sauti, na anayezihesabu ni sikio la Mama Spika, ambalo lilikuwa na bajeti yake na daktari wake. Akawahoji wanaosema ndiyo, na ukumbi ukanguruma. Akawahoji wanaosema siyo. Sijaona akasema "Siyo" kwa nguvu zake zote, peke yake, mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda," alisema Mama Spika.

Taarifa rasmi ya Bunge ilipotoka, mahali pale paliandikwa: *(Hapa Mheshimiwa mmoja alikohoa.)* Na tangu siku hiyo wenzake walianza kumsalimia kwa heshima kidogo, maana mbunge mwenye kikohozi si mbunge wa kuchezea.

Rais akatia saini kabla wino wa mpiga chapa haujakauka. Jioni ileile Waziri akatangaza redioni kwamba fedha ya Ng'ambo imefika, kwamba daraja la mto Lumbwe limekamilika, na kwamba huu ni ushahidi wa nini mageuzi yanaweza kufanya kwa siku moja. Ukapigwa wimbo wa taifa.

Asubuhi yake simu ya Sijaona ikalia.

"We simu," ilisema sauti ya Bibi Nambuta, "huyo baba yupo karibu?"

Sijaona aliiambia simu kwamba yupo.

"Basi mwambie. Jana wamekuja watu wa serikali na kibao. Wamekichimbia hapa mwanzo wa daraja: *Daraja Limekamilika, Endesha Polepole.* Mbuzi wa jirani, ambaye hajui kusoma, amefika ukingoni akageuza. Mwalimu, anayejua kusoma, tumemkamata kwenye baiskeli ameshachanganya miguu."

"Iambie simu nasikitika, mama," alisema Sijaona, mila ikamponyoka kwa sababu ya kuchanganyikiwa.

Bibi akaendelea, akiwa ameamua kutolisikia lile kosa.

"We simu, mwambie pia mawingu yamekaa magharibi. Wapo watatu kule wenye matumbo makubwa, na mmoja amebeba pacha. Mimi sauti yangu si ya mwaka jana. Na mwambie hivi: mtu akijenga nyumba huwaita watu waione. Hao wenye daraja mbona hawaji kuliona? Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo hayo tu."

Simu ikakatika.

Sijaona alikaa kitandani na soksi moja mguuni. Aliyarudia yale maneno ya mwisho, mara moja kwa huzuni, mara ya pili polepole zaidi. Kisha akainuka, akaitafuta nakala ya sheria mpya kwenye sanduku lake. Kuisoma sasa hakukuwa kosa, kwa kuwa ilikuwa imeshapona, na humo hakukuwa na mtu mwingine nchini aliyewahi kuingia. Akapitisha kidole chini ya kifungu cha nne mpaka mwisho. *Na mtu yeyote hatasema vinginevyo.* Mtu yeyote. Akatafuta mahali paliposema isipokuwa Waziri. Hapakuwapo. Vijana wa Hazina walikuwa wamesahau.

Akavuta kiti, akafungua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake bora:

*Mheshimiwa Dakta Waziri,*

*Wananchi wa Nusu-Jimbo la Ng'ambo wamepokea kwa vifijo tangazo lako la kukamilika kwa daraja la mto Lumbwe. Kwa kauli moja wamenituma nikuombe uje ulifungue, siku ya Jumamosi ya wiki ya pili kuanzia leo, kabla mvua hazijaharibu barabara ya kuja kwetu.*

*Tumepanga kwamba gari lako litangulie, likifuatiwa na la Mheshimiwa Spika, kisha yale ya Waheshimiwa wote waliosema ndiyo. Kwa heshima ya viongozi wetu tutaking'oa kile kibao cha kwenda polepole. Wananchi hawatavuka mpaka mtakapokuwa mmevuka ninyi, kwa kuwa si adabu mtoto kutangulia mezani. Watakuwa wamesimama kando mbili za mto wakiimba. Vyombo vya habari vimealikwa. Mkunga wetu atakuwa karibu kwa dharura yoyote.*

*Najua baadhi ya watu wasio na uzalendo watakushauri usije, kwa sababu ambayo sheria yetu hainiruhusu mimi wala wewe kuitaja.*

*Iwapo, kabla ya siku hiyo, utaona vema kututumia mafundi wachache na vyuma vya kutosha waje kukagua pale katikati, tutawapokea, tutawalisha, na tunaahidi kwamba hatutalihesabu jambo hilo kuwa ni kusema vinginevyo.*

*Ni mimi mtiifu wako,*
*Sijaona Mbwilo, Mb.*

Akaisoma. Akafuta "vyuma vya kutosha", akaandika "vyuma vingi". Chini akaorodhesha waliopelekewa nakala: Ikulu, Spika, redio, na magazeti yote, hata lile la michezo.

Posta alikwenda kwa miguu. Mbele ya dirisha aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi kwa ulimi kutoka ncha hii mpaka ncha ile, akaigandamiza kwa ngumi, kwa nguvu zote za yale mabega mapana ya suti. Karani, mwanamke mwenye usingizi na hereni kubwa, akaigeuza kutazama anwani, akamtazama mwenyewe.

"Ya kawaida au ya haraka?"

Sijaona alitupa jicho nje ya mlango, upande wa kwao, ambako mawingu yalikuwa yamesogea kidogo.

"Ya haraka, dada," alisema.

Karani akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa gari lililokuwa linanguruma nje, na mfuko ukafungwa.